Msaada wa Bunduki Nao Una Masharti

Masharti ya msaada wa visima na mbegu tunayajua. Msipoonyesha pesa zilikoenda, mfadhili harudi. Je, msaada wa silaha na mafunzo ya askari?

Marekani hutoa misaada hiyo chini ya sheria yake ya misaada ya nje ya mwaka 1961, na Kenya imeipokea kwa miaka mingi. Miaka ya 1970 Bunge lao lilikataza kuzisaidia kwa silaha serikali zinazozoea kukanyaga haki za binadamu. Lakini kuinyima nchi nzima ni jambo zito, na serikali rafiki zilipita tu. Mwaka 1997 Seneta Patrick Leahy wa Vermont akaleta njia nyingine: kuangalia kikosi, si nchi. Kukiwa na habari za kuaminika kwamba kikosi fulani kimeua watu kinyume cha sheria, kimetesa, kimebaka au kimepoteza watu, kinanyimwa msaada mpaka serikali yake iwachukulie hatua waliohusika.

Tuangalie kijiji cha Santo Domingo, nchini Colombia. Tarehe 13 Desemba 1998 helikopta ya jeshi la anga iliangusha bomu likaua watu 17, watoto wakiwemo. Jeshi lilisema ni lori la waasi lililolipuka. Wanakijiji walishikilia kile walichokiona kwa macho yao. Mwaka 2000 vipande vilipimwa Marekani, vikaonekana ni vya bomu lililotengenezwa huko huko Marekani! Januari 2003 kikosi hicho cha ndege kikakatiwa msaada. Miaka minne na zaidi, jamani.

Sheria hii haimfungi mtu jela wala hailipi fidia. Silaha ambazo serikali inanunua kwa pesa zake yenyewe kwa kawaida haziguswi. Hata hivyo tunaona ina faida, kwa sababu inauliza swali ambalo mtu wa kijijini anaweza kulijibu: ni kikosi gani?

Kusema tu "askari walimuua kijana wetu" hakutoshi. Katibu aandike siku ile ile: tarehe, saa, mahali, sare ya namna gani, namba ya gari. Karatasi za hospitali zisitupwe. Majina ya mashahidi yawekwe mbali na daftari la kikundi, tena kwa ruhusa yao.

Zungumzeni: Katika kikundi chenu, daftari kama hilo lingekaa kwa nani? Na akitishwa, nani atasimama naye?