Msaidie mgonjwa wa saratani aache tumbaku, hapo hapo kliniki

Unahudumu kliniki ya saratani, Kitale au Bungoma. Foleni imefika mlangoni, wahudumu ni wachache, na wagonjwa wanawaza matatu ya kurudi Kapenguria au Chwele. Muda wa mhadhara kuhusu tumbaku huna. Usijali, mhadhara hauhitajiki. Unahitaji dakika chache kila anaporudi.

Uliza kila mtu, si wanaume wenye kikohozi pekee. Muulize pia mama mwenye saratani ya matiti. Na usiishie kwa sigara: taja kiko, ugoro na kuber. Ukiuliza "unavuta?", mtu wa ugoro atasema la, na hatakuwa amekudanganya. Jaribu hivi: "Mzee, mwezi huu umetumia tumbaku ya aina yoyote, hata mara moja?"

Swali la "pakiti ngapi kwa siku" liache. Sheria ya tumbaku ya 2007 hairuhusu pakiti yenye sigara chini ya 10, lakini kibandani mtu huuziwa moja moja, kwa hiyo hesabu ya pakiti hana. Uliza, "Tangu uamke leo, ngapi?" Kisha: "Ya kwanza uliivuta muda gani baada ya kuamka?" Jibu hilo la pili litakusaidia kuchagua dawa.

Andika majibu kwenye faili, jirani na uzito na presha. Zamu ikibadilika, mwenzako atajua aanzie wapi.

Usiulize kama polisi. Mgonjwa wa saratani anayevuta huwa ameshajihukumu mwenyewe, na wengine huficha wakihofia kunyimwa kemo. Mtoe hofu mapema: "Matibabu yako yako pale pale, uvute usivute. Nataka tu yafanye kazi vizuri."

Sasa jiandae kwa hili: "Saratani nishaipata, niache ya nini?" Utalisikia sana. Usimjibu kwa habari za mapafu ya miaka ijayo. Jibu kwa matibabu yake ya sasa. Anayevuta, kidonda chake cha upasuaji hukawia kupona. Vidonda vya mdomoni vya kemo na mionzi humtesa zaidi. Mionzi ya kichwa na shingo humsaidia kidogo kuliko asiyevuta. Kama anasubiri kwenda Eldoret kufanyiwa upasuaji au kupigwa mionzi, hapo ndipo pa kukazia.

Mwenye kupenda takwimu mpe hii. Watafiti nchini Urusi walifuatilia wavutaji 517 wenye saratani ya mapafu ya hatua za mwanzo, na matokeo yakachapishwa 2021. Katika walioacha baada ya kuambiwa wanaugua, nusu walikuwa bado hai miaka 6.6 baadaye. Kwa walioendelea kuvuta, nusu walifikia miaka 4.8 tu.

Mazungumzo yaweke wakati wa dripu. Mgonjwa amekaa, hana pa kwenda, na kemo nyingi humrudisha kwako kila baada ya wiki 3. Ratiba ya ufuatiliaji tayari unayo, hukuipanga wewe. Siku ya dripu inafaa pia kuwa siku ya kuacha, maana hospitalini kuvuta ni marufuku, na akitoka jioni ameshapitisha saa kadhaa bila moshi. Piga naye hesabu: pesa ya sigara ya siku moja mara 21. Mara nyingi nauli ya kliniki ijayo imo humo.

Mpigie simu siku ya tatu. Siku za mwanzo ndizo ngumu: hasira, kukosa usingizi, kutotulia. Mwambie hali hiyo hupungua ndani ya wiki chache, na kwamba hamu yenyewe hupita baada ya dakika chache tu. Anywe maji, atoke nje, aongee na mtu. Simu yako ikishindikana, 1192 ya NACADA hupigwa bure.

Dawa zipo, ila muulize mfamasia zipatikane wapi na kwa bei gani kabla hujamtuma mtu. Mwenye vidonda mdomoni apewe plasta ya nikotini. Gamu ya nikotini haitafunwi kama Big G: anatafuna taratibu mpaka ahisi ukali, anaiegemeza shavuni, ukali ukiisha anatafuna tena, kwa muda wa nusu saa hivi. Anayevuta ndani ya dakika 30 baada ya kuamka huhitaji ya miligramu 4. Wengine 2 hutosha. Kuhusu bupropion, simama kwanza. Haimfai mwenye historia ya kifafa au saratani iliyofika kwenye ubongo, na hupunguza nguvu ya tamoxifen. Daktari aamue.

Muite anayemsindikiza. Mwana akivutia jikoni, baba hatafika mbali. Na kama unahudumia watu wa Malakisi, kumbuka kuna nyumba zilizosomesha watoto kwa tumbaku ya kampuni. Usianze kwa kulisema shamba. Anza na mdomo wa mgonjwa. Shamba lina mazungumzo yake. Mradi wa kuhamia maharagwe, ulioanzia Migori 2022, umefika hata Bungoma.

Kuna mgonjwa wa kutomsumbua. Kama matibabu yaliyobaki ni ya kutuliza maumivu tu, na sigara ndiyo starehe yake, mwachie aamue. Ila akilazwa na kuanza kuhangaika, fikiria kwanza kwamba mwili unadai nikotini, na uulizie plasta.

Wengi watarudia. Akikuambia amevuta, usitikise kichwa. Uliza, "Wapi, saa ngapi, mkiwa na nani?" Akisema kwenye busaa Jumamosi, basi kazi yenu leo ni Jumamosi: atakuwa wapi, nani atamwita, na plasta ataibandika saa ngapi. Malizeni mpango huo kabla hujaichomoa sindano ya dripu.