Hadithi nzuri na mapigano ya kusisimua: nianze na gemu gani?

*Nina PS4. Magemu ya hadithi ndefu niliyojaribu yananichosha: ama maneno mengi na vita dhaifu, ama vita vitupu. Intaneti yangu ni ya bando. Ninunue lipi?*
*Msomaji, Mwanza*

Kuchoka kwako kuna sababu. Mengi ya magemu haya hutenganisha hadithi na vita, ukawa kama unacheza vitu viwili tofauti.

Anza na The Witcher 3 ya mwaka 2015, kutoka Poland. Geralt, mwindaji wa mazimwi, anamtafuta Ciri, binti yake wa kulea. Hapo hadithi ndiyo inayopanga vita: kabla ya pambano unachunguza nyayo, unasoma tabia za zimwi, unapaka upanga mafuta yanayofaa. Upanga wa fedha ni wa mazimwi, wa chuma ni wa watu. Kisa cha kabaila anayetafuta mkewe na binti yake kinaumiza kweli, na uamuzi wako hubadilisha mwisho wake. Nunua diski ya toleo lenye nyongeza zake mbili, uokoe bando. Kulicheza hakuhitaji intaneti. Vita vikikulemea, punguza ugumu, hadithi haipotei. Ni la watu wazima, watoto wasikae karibu.

Ukitaka vita vyepesi zaidi mkononi, chukua NieR: Automata ya 2017. Usiache kucheza majina ya watengenezaji yanapopita mara ya kwanza, hadithi bado inaendelea.

Muuzaji akikubali, jaribu diski dukani kabla ya kulipa.