SOMO LA KIKUNDI: TUIFUNIKE BUSTANI YA BONDENI KABLA YA BARIDI



Kuanzia Disemba hadi Februari mvua hupungua, mchana jua linachoma, na usiku mbingu inakuwa nyeupe bila wingu. Wengi wetu tunadhani adui ni jua peke yake. Lakini kule bondeni, penye unyevu, tulikopanda nduma, sukuma wiki na managu, kuna adui wa pili: sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Januari 2012 iliunguza chai Kericho na Nandi. Chai ikiungua pesa zinapungua. Bustani ikiungua watoto wanakosa mboga, tena mwezi uleule wa kutafuta karo.

Kwa nini bondeni?

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku huteremka polepole kama maji, ikatulia pale chini. Mawingu nayo ni kama blanketi: yasipokuwapo, joto la udongo linapotea angani. Ndiyo maana shamba la juu linaweza kupona na la bondeni likaungua.

Namna ya kutandaza

1. Tandaza mvua inapoelekea kwisha, udongo ukiwa bado na maji. Ukifunika udongo mkavu, umefunika ukavu.

2. Unene uwe kama upana wa kiganja. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina, lisioze wala konokono wasijifiche hapo.

3. Tumia nyasi kavu zisizo na mbegu, au majani ya migomba. Sangari usitumie, itaota tena.

4. Mabua ya mahindi yaliyougua tusiyatumie. Tunakumbuka ule ugonjwa wa kukausha mahindi ulioonekana kwanza Kenya mwaka 2011, hapa kwetu Bomet, upande wa Longisa.

Usiku wa sakitu

Matandazo yanalinda mizizi, siyo majani. Tena kwa miche midogo, nyasi nyingi chini huzuia joto la udongo lisipande. Kwa hiyo jioni yenye mbingu wazi na upepo umetulia, simamisha vijiti, weka nyasi au magunia juu ya miche, bila kuigandamiza. Asubuhi jua likishapasha, funua.

Nduma majani yake yakiungua, usiing'oe. Kiazi chake kiko chini, kimefunikwa. Kitachipua.

Na ng'ombe je?

Hapa ndipo maneno ya nyumbani huanza. Baba anataka mabua yawe chakula cha ng'ombe, mama anayataka bustanini. Wote wana haki. Tunashauri hivi: ng'ombe ale kwanza. Yale anayoyabakiza na kuyakanyaga pamoja na samadi, yarundikwe yaoze, kisha yaende bustanini. Pengo linalobaki tulijaze kwa nyasi za kando ya njia na mipakani, kikundi kikizikata pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Matawi ya chai iliyopogolewa tuyaache palepale yalipoanguka. Hayo ni matandazo na chakula cha chai yenyewe.

Pia tusilime hadi ukingoni mwa mto, wala tusichimbe mitaro ya kukausha kinamasi. Maji hayo ndiyo yanayotubeba kiangazi.

Kazi ya kufanya

Kila kikundi kichague matuta mawili ya mboga ya aina moja, yanayopakana. Moja mtandaze, la pili liache wazi. Andikeni kila tuta limemwagiwa maji mara ngapi. Mwisho wa Februari mlinganishe.

Maswali ya kujadiliana

- Katika boma letu, nani anaamua mabua yaende wapi? Je, anayechota maji ya bustani anaulizwa?
- Ni sehemu gani za bonde letu huungua kwanza? Tunaweza kupanda miche juu kidogo?
- Kuna mjane au mzee ambaye hawezi kukata nyasi mwenyewe? Tutamfikia siku gani?