Dawa za Awali kwa Mgonjwa Anayeshukiwa Kuwa na Mshtuko wa Moyo

Mshtuko wa moyo hutokea damu iliyoganda inapoziba mshipa unaolisha misuli ya moyo, na kadiri muda unavyopita ndivyo misuli inavyozidi kufa. Kwa hiyo tiba huanzia pale mgonjwa anapopokelewa, iwe zahanati ya Mbagala au kituo cha afya cha Bunju. Haingoji foleni ya Barabara ya Kilwa wala ya Bagamoyo imalizike ndipo ianze Upanga, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, dalili huweza kuwa kukosa pumzi, jasho jingi au maumivu ya chembe cha moyo. Si haki kumrudisha nyumbani mgonjwa wa namna hiyo na dawa ya vidonda vya tumbo kabla ya kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hutakiwa kufanyika ndani ya dakika 10.

Dawa ya kwanza ni aspirini miligramu 300, itafunwe, isimezwe nzima. Huzuiwa kwa mwenye mzio nayo, anayetokwa damu, au anayeshukiwa kuchanika mshipa mkuu. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kuwa aspirini pekee hupunguza vifo kwa takribani 23%.

Nitrogliserini ya chini ya ulimi haitolewi ikiwa namba ya juu ya shinikizo la damu iko chini ya 90, au mgonjwa ametumia sildenafili ndani ya saa 24. Oksijeni ni ya mwenye kiwango kilicho chini ya 90%. Sindano ya diklofenaki, iliyozoeleka kwa kila maumivu, iepukwe: huudhuru moyo, na sindano ya msuli huweza kuvujisha damu baada ya dawa za kuyeyusha damu iliyoganda.

Dawa hizo za kuyeyusha, kama streptokinesi, hutolewa na daktari mwenye ujuzi ndani ya saa 12, kipimo kikithibitisha mshipa kuziba kabisa na upasuaji mdogo wa kuuzibua usiwezekane ndani ya dakika 120. Aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo hapewi.

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa anachopewa, na ukosefu wa fedha usicheleweshe kidonge cha aspirini. Barua ya rufaa ionyeshe saa maumivu yalipoanza, kila dawa, kipimo chake na saa ilipotolewa. Mtoa huduma asiyeandika saa humwachia mwenzake kazi ya kubahatisha.