Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kuutoa Mradi Wako wa Tovuti kwa Umma

Umeunda kwa Vue, React au Svelte tovuti inayoonyesha vituo vya maji vya kata yenu, na sasa unataka wengine waitumie na kuiendeleza. Mradi wa jamii huwa wa jamii kweli pale mtu asiyekujua anapoweza kuuendesha bila kukupigia simu. Haya ndiyo ya kukamilisha.

Leseni. Kuweka msimbo GitHub hakutoshi. Msimbo usio na leseni unabaki chini ya hakimiliki yako: watu watausoma, lakini hawana ruhusa ya kuutumia katika kazi zao. Leseni ya MIT huruhusu karibu kila matumizi, ilimradi tamko la hakimiliki libakizwe. Ya GPL humtaka anayesambaza toleo alilolibadilisha alitoe kwa masharti yaleyale. Chagua moja, uiweke katika faili la LICENSE. Jambo hili ni zito: mwaka 2017 React yenyewe ilihamia MIT baada ya watumiaji kupinga kifungu cha hataza kilichokuwa katika masharti yake ya awali.

Siri. Msimbo wa tovuti hizi huendeshwa ndani ya kivinjari cha mtumiaji, hivyo kilichofungashwa humo kinaonekana na yeyote. Ukitumia Vite, thamani unazozisoma kwa majina yanayoanza na VITE_ huingia kwenye msimbo huo. Nenosiri la hifadhidata likae kwenye seva tu. Ufunguo wa siri ukishaingia kwenye Git na kupandishwa, kuufuta kwenye faili hakusaidii, kwa kuwa historia imeutunza. Ubatilishe kule ulikoutoa, kisha uchukue mpya.

Maelezo. Katika faili la README eleza mradi unafanya nini, unahitaji toleo gani la Node, na amri za kuuwasha: `npm ci`, kisha `npm run dev`. Pandisha package-lock.json ili kila mtu apate matoleo yaleyale ya vifurushi, lakini folda ya node_modules iache. Halafu mwombe mwenzako ambaye hajauona mradi afuate maelezo, nawe ukae kimya pembeni. Kila anapokwama, pana sentensi ya kurekebisha.

Kupandisha. Amri ya `npm run build` katika Vite hutoa folda ya dist, nayo ndiyo inayokwenda hewani. Wengi wanaotumia GitHub Pages hukutana na ukurasa mweupe mtupu, kwa sababu tovuti hukaa chini ya jina la mradi. Tibu kwa kuandika katika vite.config.js: `base: '/vituo-vya-maji/'`, ukiweka jina la mradi wako.

Simu za kawaida. Msimbo mzito hula bando la mtu. Tumia zana za wasanidi katika Chrome kuigiza mtandao wa 3G, uone ukurasa unachukua muda gani. Punguza uzito wa picha, na ugawe msimbo ili kila ukurasa upakiwe unapohitajika.

Wachangiaji. Orodhesha kazi ndogondogo ambazo mgeni anaweza kuanza nazo, kama kusahihisha tafsiri au kuongeza kituo kilichosahaulika. Jibu michango mapema, hata kama jibu ni kwamba utaipitia wikendi. Mwisho, mpe mtu mwingine unayemwamini mamlaka kamili ya usimamizi, ili ukipata kazi nyingine au ukiugua, marekebisho yaendelee kupokelewa.