Kuzungumza na Wafanyakazi Kampuni Inapoyumba: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Viwanda vya Athi River

Mwaka 2019 kampuni ya saruji ya East African Portland iliwaarifu wafanyakazi wake kwamba nafasi zao zote zimefutwa, na anayetaka kubaki aombe kazi upya. Agosti 2018, ARM Cement, yenye kiwanda hapo hapo Athi River, ilikuwa tayari imetolewa mikononi mwa wakurugenzi wake kwa sababu ya madeni. Zote mbili zilikuwa zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na kampuni ya aina hiyo hulazimika kutangaza mapema ikiona faida yake itashuka kwa robo au zaidi. Mwenye hisa, basi, huonywa. Anayeshinda kwenye tanuri la klinka hana anayelazimika kumwonya mapema hivyo, na mara nyingi habari humfikia kwa simu, akiwa kwenye matatu ya kurudi Machakos mjini. Tangazo la soko likitoka asubuhi, wafanyakazi waitwe saa hiyo hiyo.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai kwamba kabla ya kupunguza watu, mwajiri aarifu chama cha wafanyakazi na afisa wa leba angalau mwezi mmoja mapema, akieleza sababu na kiasi cha upunguzaji. Asiye mwanachama aandikiwe barua yake mwenyewe. Wanaoondoka walipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Waajiri wengi huona mwezi huo kuwa utaratibu wa karatasi tu. Tunawasihi wautumie kuzungumza: sheria inataka watu wachaguliwe kwa kuzingatia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja, na vigezo hivyo vielezwe hadharani kabla ya majina kutajwa. Jina likitangulia kigezo, hakuna atakayeamini kigezo.

Anayeumia zaidi katika kimya ni msimamizi wa zamu. Yeye ndiye anayeulizwa kila siku, na asipopewa jibu hubuni la kutuliza watu: "Msijali, mambo yatakuwa sawa." Wiki mbili baadaye mambo hayako sawa, na neno lake halina thamani tena hata anapotoa onyo la usalama. Kwa hiyo msimamizi aelezwe kabla ya kikosi chake, apewe nafasi ya kuuliza maswali magumu, na aruhusiwe kusema, "Hilo bado halijaamuliwa; nitawapa habari Ijumaa." Ijumaa ikifika asimame mbele yao hata kama hakuna jipya.

Liko jambo moja ambalo kampuni zilizobanwa huficha kuliko yote: makato. Pesa za NSSF na za sako zinaonekana kwenye hati ya mshahara, kumbe hazijapelekwa. Mfanyakazi hugundua siku anapoomba mkopo wa karo na kukataliwa. Huo si ucheleweshaji wa kawaida, kwa sababu pesa hizo ni zake, zilizokwisha kukatwa. Kama hazijapelekwa, semeni ni za miezi ipi, kiasi gani, na lini zitalipwa, kwa maandishi yenye sahihi ya mkurugenzi. Mkiwa hamna tarehe, acheni kukata mpaka muwe na uwezo wa kupeleka, pale sheria inaporuhusu.

Barua iandikwe kwa Kiswahili pia, si kwa Kiingereza cha mawakili peke yake, na mkutano ufanyike kwa kila zamu, ya usiku ikiwemo. Vibarua na walioletwa na wakala waitwe katika mkutano uo huo. Majina yao hayamo kwenye orodha ya chama, wala mara nyingi hawaandikiwi barua, lakini wao ndio huambiwa kwanza wasirudi kesho.