Magoti ya Mwendesha Pikipiki Mrefu Hayaumizwi na Upepo

Msomaji wa Morogoro, kijana mwenye kimo cha sentimita 193, yaani futi 6 na inchi 4, anataka kununua pikipiki yake ya kwanza, na ameuliza achague ya namna gani na aifanyie marekebisho yapi. Ameuliza pia kama ni kweli, kama alivyoambiwa kijiweni, kwamba mtu mrefu huumwa magoti na kiuno kwa kuwa upepo humwingia viungoni, hivyo ameze kidonge cha diklofenaki kila asubuhi kabla ya kuwasha chombo, na magoti yakianza kuvimba achanjwe chale ili upepo utoke. Swali hili la mwisho ndilo lenye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo linastahili kujibiwa kwanza.

Upepo hauingii gotini. Kiungo cha goti kimefungwa ndani ya mfuko mgumu uliozungukwa na kano, misuli na ngozi, na hewa ya nje haina njia ya kupenya humo pasipo jeraha lililochimba mpaka ndani. Ni kweli kwamba baridi ya alfajiri hukaza misuli na humwongezea maumivu mtu ambaye tayari anaumwa, ndiyo maana koti zito na kinga za magoti ni vitu vya maana, lakini kuongeza maumivu si sawa na kuyaanzisha. Imani hii imedumu kwa sababu inaonekana kuwa na ushahidi: mtu ameanza kuumwa baada ya kununua pikipiki, pikipiki ina upepo, basi upepo ndio wenye kosa. Kinachosahauliwa ni kwamba mtu huyo huyo alikaa kwa saa nyingi akiwa amekunja magoti kupita kiasi. Abiria mwenye miguu mirefu aliyebanwa kwenye kiti cha nyuma cha basi dogo kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, madirisha yote yakiwa yamefungwa, hushuka na maumivu yale yale, na hapo hakuna anayeutaja upepo. Goti likikunjwa sana kwa muda mrefu, pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele, hugandamizwa kwenye mfupa wa paja. Na magoti yakipanda juu, nyonga hulala nyuma na kiuno hupinda. Kwa mwendeshaji, maelezo hayo ya maumbile yanatosha.

Diklofenaki ni dawa nzuri ya maumivu na uvimbe inapotolewa kwa sababu inayojulikana na kwa siku chache, ila kuimeza kila asubuhi ili kuzuia maumivu ambayo hayajaanza ni kujidhuru. Dawa za kundi hili hupunguza kinga ya utando wa tumbo, na baadhi ya watumiaji hupata vidonda ambavyo huanza kuvuja damu bila kutanguliwa na maumivu yoyote. Vilevile hupunguza mtiririko wa damu kwenye figo, na madhara hayo huwa makubwa zaidi kwa mtu anayeshinda juani huku akinywa maji kidogo, jambo ambalo ni hali ya kila siku ya watu wengi wa barabarani. Hatari zaidi ni pale muuzaji wa dawa anapochanganya diklofenaki na prednisoloni, ambayo ni dawa ya jamii ya steroidi: mgonjwa hujisikia mwepesi kwa siku kadhaa, kisha hurudi kuomba tena, na matumizi ya miezi mingi hupunguza uimara wa mifupa, hupandisha sukari na hudhoofisha uwezo wa mwili kupambana na maambukizi. Kuhusu chale, wembe uliotumika kwa mtu mwingine unaweza kuleta virusi vya homa ya ini na VVU, na unga unaopakwa kwenye jeraha unaweza kuleta pepopunda au usaha. Hakuna upepo unaotoka humo. Kinachotoka ni damu ya mtu aliyehitaji siti ya juu zaidi.

Katika kuchagua, wauzaji hupenda kumwambia mnunuzi akae na kuona kama nyayo zote mbili zinagusa chini, kipimo ambacho humsaidia mtu mfupi lakini humpotosha mrefu, ambaye nyayo zake hugusa chini kwenye karibu kila pikipiki. Kipimo chake ni umbali kati ya siti na vikanyagio vya miguu. Akae mahali halisi pa dereva, miguu ikiwa juu ya vikanyagio, na mtu wa pembeni atazame kama pembe ya goti ni pana kuliko pembe mraba na kama paja limelala sawa au linateremka kuelekea gotini. Kisha azungushe usukani mpaka mwisho kulia na kushoto: ukigonga goti, pikipiki hiyo haimfai jinsi ilivyo. Pikipiki za biashara kama Boxer na TVS zina siti iliyo karibu sentimita 80 kutoka ardhini, na mtu wa kimo hiki hujikuta taratibu amesogea nyuma mpaka mahali pa abiria, mikono imenyooka na mgongo umepinda. Zile za njia mbovu, kama Yamaha DT 125 ambayo siti yake huwa juu zaidi, mara nyingi humfaa zaidi.

Marekebisho yaanzie kwenye siti, kwa kuwa ni ya gharama ndogo na yanaweza kurudishwa yalivyokuwa: fundi wa viti aongeze sponji ngumu ya sentimita tatu mpaka tano, kwani sponji laini hubonyea na kumrudisha mtu pale pale. Usukani ukiinuliwa, nyaya za klachi na mafuta pamoja na bomba la breki havipaswi kukazwa, na injini ikipandisha mlio usukani unapokatwa, waya ni mfupi na lazima ubadilishwe kabla ya kuingia barabarani. Kuchomelea vyuma ili kurefusha shokapu za nyuma ni kosa ambalo halina nafuu: uzito husogea mbele, usukani huwa mwepesi kuyumba, stendi ya pembeni huwa fupi, na maungio yanaweza kukatika chombo kikiwa mwendoni.

Ikiwa marekebisho yamefanyika, safari zimekatwa kwa mapumziko ya kushuka na kunyoosha miguu, na bado maumivu yanaendelea kwa wiki mbili, kituo cha afya ndipo mahali pa kwenda, wala si kwa mchuaji. Goti lililovimba ghafla, lenye joto na wekundu pamoja na homa, linaweza kuwa na usaha ndani, nao huharibu kiungo kwa siku chache. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na ganzi kati ya mapaja, udhaifu wa miguu au kushindwa kukojoa ni dharura ya saa hizo hizo, na anayesubiri kesho anaweza kupoteza uwezo wa kutembea. Maumivu ya mgongo yanayodumu kwa miezi, huku mtu akikonda na kutokwa jasho usiku, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kabisa lakini ambao watu huendelea kukandwa nao nyumbani mpaka pingili zinaporomoka na kibiongo kinatokea. Choo cheusi kama lami kwa mtu anayemeza diklofenaki ni dalili ya damu tumboni, naye aache vidonge na aende hospitali siku hiyo hiyo, akibeba pakiti za dawa zote alizotumia, zikiwemo zile zilizofungwa kwenye karatasi bila jina.